Anayetutabiria Mabaya Amesimama Wapi?

Ile sauti mmeisikia, msinidanganye. Ilipita kwenye kila simu hapa Tabora. Ni mwanamume mwenye sauti nzito, anaongea taratibu kama anayesoma matangazo ya vifo redioni, anasema tumbaku imefika mwisho, wanunuzi watafunga virago, na ardhi ya huku kwetu itabaki vumbi lisilo na mtu wa kulitaka. Anamalizia kwa kushusha pumzi: "Msije mkasema hamkuambiwa." Mimi niliambiwa nikiwa jikoni nakaanga dagaa. Dagaa wakaungua, na usiku ule sikupata usingizi mzuri.

Ninawaandikia ninyi vijana wa ukoo, na wengine wowote watakaopitiwa na karatasi hii, kwa sababu nimegundua hofu yenu ni kubwa kuliko ya kwetu. Sisi habari mbaya zilitufikia kwa treni, na treni lilichelewa. Ninyi zinawafikia kabla hamjanawa uso.

Wengi mnanijua kama bibi shamba Yustina, yule aliyewagombeza baba zenu wapande kwa mistari. Lakini mistari haikuwa kazi yangu kubwa. Kazi yangu kubwa pale wilaya ya Uyui ilikuwa makisio. Kila msimu, mazao yakiwa bado shambani, nilizunguka vijijini, kisha nikarudi ofisini kusema chakula kitatosha au hakitatosha, bei itapanda au itashuka. Kwa maneno mepesi, nililipwa mshahara kwa kutabiri mabaya. Kwa hiyo ninaposema utabiri una mwenyewe, siongei kama mtu aliyesimama nje ya dirisha. Nilikuwa ndani, na chai nilinywa humo humo.

Sasa niseme kilichonitoa jasho. Siku chache baada ya ile sauti kuzagaa, Kulwa alinipigia simu. Kulwa ni mtoto wa marehemu kaka yangu, ndiye anayelima shamba alilotuachia baba yetu, mbele kidogo ya Isikizya.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, ila shangazi, tumepata mteja wa shamba. Dalali anataka jibu Jumapili, tukitoka ibadani. Felista anasema tusijibu kitu mpaka wewe uje. Si wewe ndiye mtaalamu wa yajayo?"

Nilikaa chini. Shamba lenyewe ni lile ambamo kaka yangu amelala kaburini. Kulwa alitaka kuliuza lote, achukue mkewe Felista na watoto, aende mjini Dar es Salaam akaendeshe bodaboda. Alikuwa ameisikiliza ile sauti mpaka ameikariri.

Kabla sijafika Jumapili, turudi nyuma kidogo, maana bila Mzee Shija hamtanielewa.

Mzee Shija ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye baiskeli ambayo kengele yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo alipiga kengele kwa mdomo. Safari yangu ya kwanza naye tuliingia kijiji kimoja, nikapita nyumba kwa nyumba nikiuliza akiba ya chakula. Kila mama alinijibu hivyo hivyo, mikono kifuani: "Hakuna kitu, mwanangu. Mwaka huu tutakufa." Vihenge vyao vya nafaka vimefunikwa, na huwezi kumwambia mama wa Kinyamwezi akufunulie kihenge chake. Ni kama kumwambia akufungulie sanduku la nguo za ndani. Akisema kimejaa, kesho ana wageni. Akisema ni kitupu, labda serikali italeta mahindi. Nilitoka pale machozi yananilenga, niko tayari kutangaza njaa.

Mzee Shija akasimamisha baiskeli, akainua pua. "Yustina, unasikia harufu gani?"

"Pombe, mzee."

"Ya nini?"

"Ya mtama."

"Mtu mwenye njaa kesho anapika pombe ya mtama leo?"

Tulicheka sana. Lakini hakusema wale akina mama ni waongo, na hapa ndipo wengi mnapoteleza mkishajua kukosoa. Alisema tu: "Wamekwambia wanachokiogopa. Wewe uliuliza walicho nacho." Alinifundisha kusikiliza vyote viwili na kutovichanganya.

Kuna mwaka mwingine, tumeazimwa kusaidia wilaya za magharibi, mambo yaligeuka. Kijiji kizima kilituambia kiko salama, mwenyekiti akatupigia na makofi. Alikuwa amesimamia kilimo mwenyewe, angewezaje kusema kimeshindikana? Tukarudi na habari njema. Njiani treni letu likasimama Kaliua, akina mama wakaja madirishani na kuku, wengine wametoka mpaka huko Ulyankulu. Kuku wengi mno, bei ya kutupa. Abiria walifurahi, wakanyoosha mikono. Mzee Shija hakufurahi. Alimshika mmoja, akamtazama chini ya mkia kama tunavyofanya, akamwambia yule mama, "Mbona huyu anataga? Kwa nini umuuze?"

Yule mama akajibu bila kupandisha sauti, "Anayetaga naye anakula, baba."

Mzee akatoa daftari lake pale pale kitini. Tulibadilisha taarifa yetu, na mwenyekiti alikasirika akatuita wachawi wa kilimo. Mahindi yalipofika kijijini kabla hali haijawa mbaya zaidi, yeye ndiye aliyesimamia ugawaji, akiwa amevaa koti.

Ndiyo maana hata leo nikipita sokoni nawatazama kuku kabla ya kusikiliza maneno. Mtu akinitabiria uchumi, nataka kujua yeye mwenyewe anauza nini, ananunua nini, na ameacha kufanya nini. Anayesema nyumba zitashuka bei na huku anatafuta nyumba, huyo msikilize, ila kaa mbali kidogo na mlango.

Msidhani basi kila anayetisha ana hila. Kulikuwa na bibi mmoja pale Uyui, Bibi Tabu, ambaye kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe, aliniambia njaa inakuja. Vijana wa ofisini walimfanyia utani. Mimi nilikuja kujua amezika watoto katika njaa ya zamani, na tangu hapo hajawahi kuona wingu akalifurahia. Utabiri wake mara nyingi haukutokea. Lakini alichokithamini kilikuwa wazi: aliona afadhali watu mia wahofu bure kuliko mtoto mmoja akose uji. Mfanyabiashara wa mahindi naye alithamini kingine, na mkuu wangu wa kazi kingine. Nilipokwisha kujua kila mmoja anaogopa kupoteza nini, maneno yake yalinifaa, hata ya Bibi Tabu.

Basi nilipopata simu ya Kulwa, kwanza nilikwenda kwa Mzee Nassor. Wa mjini mnamjua, mwenye duka la vitambaa na nazi kavu, familia yao ya asili ya Omani imekuwa hapa tangu misafara inapita kwenda Ujiji. Nilimkuta amekaa na tasbihi yake, hakuna mteja.

"Mzee Nassor, wanasema Tabora inakufa."

"Inakufa tena?" Akanisogezea kiti. "Babu yangu alisema imekufa misafara ilipokoma. Baba yangu akasema imekufa siku wateja wake walipohamia maduka ya karibu na stesheni. Na mimi, Allah anisamehe, nimesema hivyo juzi tu hapa, kwa sababu ya hawa wanaouza vitambaa kwenye simu."

"Na yote hayakuwa kweli?"

"Yalikuwa kweli, bibi shamba! Babu alifilisika kweli. Ila kila mmoja alisema Tabora, na moyoni alimaanisha duka lake." Akasogeza tasbihi. "Huyo wa kwenye simu, duka lake liko wapi?"

Swali lile nililibeba mpaka nyumbani. Nikamwomba Felista, mke wa Kulwa, aliye mjanja wa simu kuliko mumewe, aitafute ile sauti ilikotoka. Hakuchukua muda. Ilikuwa imekatwa. Kumbe yule bwana alikuwa akihutubia watu wanaohimiza wakulima waachane na tumbaku, na mwanzoni kabisa anaeleza jinsi baba yake alivyokufa kwa kifua, akikohoa kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia majani. Na baada ya pale inapokatikia, anaendelea kusema mabonde yenye maji yatakuwa na thamani kuliko zamani, watu walime mpunga, wafuge nyuki. Sehemu hiyo haikutufikia. Yetu iliishia kwenye vumbi na lile onyo.

Nani aliikata sijui, na sitamsingizia mtu. Najua tu iliingia kwenye simu ya Kulwa kutoka kwa dalali. Nikajiuliza, kama ardhi itakuwa vumbi, mteja wa dalali anataka vumbi la nini?

Mnaweza kudhani hapo nilishangilia. Nilishangilia, ndiyo, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Halafu wasiwasi ukarudi, kwa sababu kukuta mtu anavutia kamba upande wake hakuthibitishi kwamba amekosea. Yule bwana anaichukia tumbaku, ana haki ya kuichukia, na huenda kweli inakufa. Upande wa pili nao kulikuwa na afisa wa wanunuzi aliyekuja kijijini akasema soko liko imara, msisikilize maneno ya mitandaoni. Fulana yake ilikuwa na nembo ya kampuni mgongoni na kifuani. Yeye angesema nini kingine?

Jumamosi nilipanda gari mpaka Isikizya, Kulwa akanipokea na pikipiki. Kabla ya kula nikasema nataka kutembea shamba. Hii nayo ni ya Mzee Shija: usikisie shamba kutoka barabarani. Mkulima hupanda mahindi yake mazuri kando ya njia ili wapita njia waseme huyu ni mwanamume. Mimi mwenyewe niliwahi kulisifia shamba la namna hiyo mpaka mwenyewe akaniingiza ndani, akanionyesha magugu yaliyonifika kiunoni, akacheka hadi akakaa chini.

Basi tukaingia ndani. Huku juu, karibu na barabara, ndiko kunakolimwa tumbaku. Udongo umechoka, unaushika unakuponyoka mkononi. Bani la kaka yangu limepasuka upande mmoja. Nikauliza kuni mnapata wapi. Utotoni mwetu miti ya kukaushia tumbaku ilikatwa pale pale, baba alikuwa anachagua. Kulwa akanyoosha kidole kule mbali ambako msitu unaonekana kama mstari tu. "Kule, shangazi. Na mwakani itabidi tuvuke ule mto." Sauti ya kwenye simu iwe ya yeyote, ule msitu niliuona kwa macho yangu ukiwa umekimbia.

Tukashuka chini mbugani, kule bondeni, kwenye majaruba, vile vishamba vya mpunga vyenye matuta. Ni madogo, kaka hakuyajali kamwe, aliyaita bustani ya wanawake. Udongo mweusi, unanata, hata kiangazi kile kulikuwa na unyevu ukichimba kidogo. Niliufinyanga udongo ule kiganjani. Kulwa akauliza, "Vipi?" Nikasema, "Twende tukale."

Jumapili wakatoka ibadani, tukakaa barazani. Felista alikuwa amechinja jogoo, na nilitazama: alikuwa jogoo, mitetea wote walikuwa wanaparua uani. Hilo lilinituliza kidogo. Dalali alikuwa amepiga simu yuko njiani. Kulwa akasema, "Haya shangazi, tupe makisio yako."

Nikawapa. Nilikuwa nimejiandaa. Nikawaeleza sauti imekatwa, yule bwana ana uchungu wake, dalali ana mteja wake, afisa ana fulana yake. Niliongea vizuri, najisifu. Nikamalizia: "Msiuze hata hatua moja. Hawa wote wanawavuta tu."

Felista alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso. "Na wewe, shangazi?"

"Mimi vipi?"

"Umetufundisha tuulize kila mtu amesimama wapi. Wewe umesimama wapi?"

Kulwa akataka kumkemea, "Felista, ni shangazi huyu," nikamzuia kwa mkono. Swali lilikuwa la haki. Na jibu lilikuwa linaonekana pale pale kutoka barazani, upande wa juu, nyuma ya bani: kaburi la kaka yangu, lenye msalaba wa saruji, na pembeni yake nafasi wazi. Nafasi hiyo ni yangu. Tulikubaliana mimi na yeye siku nyingi, kwa utani, kisha utani ukawa kweli.

Nikawaambia. "Nimesimama pale. Nikiwaambia msiuze, ni kwa sababu sitaki mtu mwingine ajenge duka juu ya kaka yangu. Na nataka kulala karibu naye."

Felista akaweka kisu chini. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini hakunionea huruma ya uongo. "Basi shangazi, liweke kaburi pembeni, halafu ukisie tena. Tusaidie. Tuna watoto watatu."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile, na nimewahi kutangaza njaa mbele ya mkuu wa wilaya. Nilifumba macho. Nikaliondoa kaburi. Nikaondoa na hamu yangu ya kuwaona Kulwa na watoto kila Krismasi. Nikabaki na udongo uliochoka, kuni zilizo ng'ambo ya mto, barabara inayowavutia wanunuzi wa ardhi sasa na labda si kesho, na kule chini tope jeusi linalosubiri mtu wa kulijali. Nilipofumbua macho nilikuwa nalia.

"Uzeni huku juu," nikasema. "Mbuga msiiguse. Nunueni ng'ombe wa kulimia, panueni majaruba, bodaboda ya mjini, Kulwa, usahau. Haya ndiyo makisio yangu. Huenda nimekosea, mvua sina mkataba nayo. Lakini hayo mengine niliyosema mwanzo yalikuwa ni kaburi linaongea."

Kulwa alikuwa ameinama, anachora chini kwa kijiti. Hatimaye Felista akasimama, akafuta mikono kwenye kanga, akatazama kule nyuma ya bani.

"Tutauza huku juu," akasema, "kasoro pale. Pale na njia ya kufikia pale. Mteja akishusha bei, ashushe."

"Felista, hiyo ni hasara," nikasema, na sikuamini ni mimi ninayesema.

"Najua ni hasara, shangazi. Ndiyo maana nasema kwa sauti. Ulitaka tuibebe bila kujua."

Dalali alikuja, akaguna sana kuhusu kipande kile. Alisema kinaharibu umbo la kiwanja, akapiga simu kwa mteja, akatembea huku na huku. Mteja alishusha bei kweli. Kulwa akakubali, akamshika dalali mkono.

Sasa ng'ombe wapo, majaruba yamepanuliwa, na mimi silali. Mvua za kwanza zimechelewa. Jana nilipita sokoni, kuku walikuwa wengi kuliko nilivyotaka kuwaona, nikageuza wawili nikakuta wanataga. Sijalala tangu hapo. Huenda nimewaingiza watoto wa kaka yangu kwenye tope kavu. Huenda yule mwenye sauti nzito alikuwa sahihi kwa kila kitu na mimi nilikuwa bibi mwenye vituko vya kuku. Napokea simu ya Kulwa kila jioni, na kabla hajasema shikamoo nimeshauliza, "Imenyesha?"

Mtaniletea sauti nyingine, nyie vijana, nawajua. Leteni. Tutazisikiliza pamoja, na tutamuuliza kila mmoja duka lake liko wapi, hata atakayetuambia mambo yatakuwa mazuri. Lakini anzeni na mimi. Mimi nimesimama kwenye kipande kidogo nyuma ya bani lililopasuka, kilichookolewa kwa hasara na mwanamke asiye wa damu yangu, na pembeni ya kaka yangu nafasi yangu bado ipo. Mkishajua hivyo, niulizeni kuhusu mvua.